Divai Nyekundu ya Bonde la Ahr, na Somo Lake kwa Wakulima wa Zabibu

(Maneno ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka 10)



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha katika siku hii ya kutimiza miaka 10 ya Chama chetu Kikuu. Bwana Mwenyekiti amekwisha kueleza tulikotoka, na Mtunza Hazina amekwisha kusoma hesabu. Ofisi ya Katibu imetakiwa kusema neno la elimu, nasi tumechagua kuzungumza juu ya divai nyekundu, au mvinyo kama wengi wetu tusemavyo, inayotoka katika bonde la mto Ahr huko Ujerumani.

Pengine mtatuuliza: Sisi watu wa Dodoma tuna shauri gani na bonde la Wajerumani? Jibu letu ni kwamba watu wa bonde hilo ni wakulima wa zabibu kama sisi, wenye vishamba vidogo kama vyetu, na chama chao cha ushirika kilianzishwa mwaka 1868. Tena leo alasiri mtapiga kura juu ya azimio la kulipa zabibu kwa utamu wake, wala si kwa uzito peke yake. Tumeona ni vema mpige kura hiyo mkiwa mmesikia habari za wenzetu walioanza kazi hii kabla ya babu zetu kuzaliwa.

Kabla ya kuendelea, twaomba radhi kwa ndugu zetu ambao dini yao au nadhiri yao inawakataza kileo. Hatukusimama hapa kusifu ulevi. Twazungumza juu ya mmea, udongo, hewa na kazi ya mikono, mambo ambayo ni halali kwa kila mkulima kuyajua.

Mto Ahr huanza katika milima ya Eifel, penye mji mdogo wa Blankenheim, ukateremka kuelekea mashariki hata ukaingia katika mto mkubwa wa Rhine, kusini ya mji wa Bonn. Urefu wake haufiki kilomita 90. Mashamba ya mizabibu yako kando ya sehemu yake ya mwisho, kuanzia kijiji cha Altenahr, kupita Mayschoß, Rech, Dernau na Walporzheim, mpaka Ahrweiler na Heimersheim. Eneo lote la mizabibu ni kama hekta 550, yaani ekari 1,300 na zaidi, nalo ni miongoni mwa maeneo madogo kabisa katika yale maeneo 13 ya divai yanayotambuliwa na sheria za Ujerumani.

Ajabu ya bonde hilo ni mahali lilipo. Liko karibu nyuzi 50 na nusu kaskazini ya ikweta, si mbali na mpaka wa nchi ambako mzabibu huweza kuivisha matunda yake. Wastani wa joto la mwaka mzima ni kama nyuzi 10 za Sentigredi, hali hapa kwetu ni nyuzi 22 au 23. Katika nchi za baridi namna hiyo wakulima wengi hupanda zabibu nyeupe, kwa kuwa zabibu nyeupe huridhika na joto dogo kuliko nyekundu. Lakini katika bonde la Ahr zaidi ya robo tatu ya mizabibu yote ni ya zabibu nyekundu, na sifa ya bonde hilo imejengwa juu ya divai nyekundu tangu zamani.

Ili kufahamu jambo hilo, hatuna budi kwanza kujua namna baridi inavyoitendea zabibu. Zabibu changa ina uchachu mwingi na sukari kidogo. Kadiri inavyoiva, sukari huongezeka, uchachu hupungua, ngozi hupata rangi, na ule ukakasi wa ngozi na kokwa hulainika. Joto huyaharakisha mambo hayo, lakini haliyaharakishi yote kwa mwendo mmoja. Penye joto kali sukari hupanda mbio na uchachu hutoweka upesi, pengine kabla ngozi na kokwa hazijakomaa. Divai ya zabibu hizo huwa na nguvu nyingi ya kileo, lakini huwa nzito mdomoni na huchosha. Penye ubaridi, hasa usiku unapokuwa wa baridi, uchachu hudumu, na harufu nzuri ya tunda hupata wakati wa kujijenga. Katika bonde la Ahr ua la mzabibu hufunguka mwezi wa Juni, na mavuno huja Septemba na Oktoba. Siku kama 100 hupita kati ya hayo mawili. Ndiyo maana divai yao huwa na rangi hafifu, kiasi cha kuona mwanga kupitia bilauri, na huwa na harufu ya cheri, lile tunda dogo jekundu la nchi za baridi, pamoja na uchachu unaouamsha ulimi.

Sisi hapa huvuna mara mbili kwa mwaka, maana mzabibu wetu haulali, tukiupogoa huamka. Mzabibu wa Ahr hulala tangu Novemba hata Machi bila jani hata moja, na mkulima hupata mavuno mamoja tu. Akiharibikiwa mara hiyo, hana mavuno mengine ya kumfariji mpaka mwaka ufuatao. Tena machipukizi ya mwezi wa Aprili huweza kuunguzwa na baridi ya ghafla. Mwezi wa Aprili 2024 baridi ya namna hiyo iliharibu machipukizi katika mikoa kadhaa ya zabibu ya Ujerumani kwa usiku michache tu. Kwa hiyo, ndugu zetu, msidhani kwamba wenzetu wamepewa urahisi tulionyimwa sisi.

Aina ya mzabibu inayotawala bonde hilo huitwa Spätburgunder kwa Kijerumani, na Wafaransa huiita Pinot Noir. Asili yake ni Burgundy katika Ufaransa. Imeshika karibu theluthi mbili ya bonde zima, na pamoja nayo yuko ndugu yake aitwaye Frühburgunder, ambaye huiva mapema zaidi. Mzabibu huu wa Spätburgunder huipenda nchi ya ubaridi, kwa kuwa huiva mapema kuliko aina nyingi za zabibu nyekundu. Kwenye joto kali huiva kwa haraka mno na kupoteza harufu yake. Lakini una udhaifu wake. Ngozi ya tunda lake ni nyembamba, hivyo hupasuka na kuoza kwa urahisi. Punje zake zimebanana sana katika kichala, hata punje moja ikioza, ugonjwa hupita kwa jirani zake kabla mkulima hajatambua. Tena huchipua mapema, na kwa sababu hiyo hukutwa na baridi ya Aprili. Mkulima wa mzabibu huu hawezi kulala.

Sasa tuseme namna nchi yenyewe inavyousaidia. Jua la huko haliji juu ya utosi kama la kwetu. Hupita chini upande wa kusini. Mkimulika ardhi kwa tochi iliyolazwa, mwanga wake hutawanyika ukawa hafifu. Mkiumulika ukuta uliosimama mbele yenu, mwanga hukusanyika ukawa na nguvu. Ndivyo ulivyo mteremko unaotazama kusini katika bonde la Ahr: hulipokea jua kama ukuta unavyoipokea tochi. Shamba la tambarare lililo karibu nalo hupata joto dogo zaidi, na kwa hiyo mizabibu mingi imepandwa katika miteremko hiyo mikali. Mwezi wa Juni mchana wa huko huchukua zaidi ya saa 16, na bonde hulitumia jua hilo lote.

Msaada wa pili ni mawe. Sehemu ya juu ya bonde, kati ya Altenahr na Walporzheim, ni nyembamba na yenye majabali, na udongo wake umejaa vipande vya sleti, lile jiwe jeusi ambalo baadhi ya wazee wetu waliliandikia shuleni. Jiwe hilo, kwa weusi wake, hunywa joto la jua mchana kutwa, na usiku hulitoa polepole chini ya vichala. Vilevile maji ya mvua hupita upesi kati ya vipande hivyo, hivyo mizizi hulazimika kuyafuata chini sana, na mzabibu hautoi matunda mengi. Kuta za mawe zinazoshika matuta hufanya kazi hiyo hiyo ya kuhifadhi joto. Milima ya Eifel nayo hukinga sehemu ya mvua na upepo unaotoka magharibi.

Sehemu ya chini ya bonde, kuelekea Heimersheim, ni pana zaidi, na huko udongo ni laini. Sehemu yake ni vumbi lililoletwa na upepo katika zama za kale. Divai ya huko ni laini na imejaa mdomoni. Divai ya penye sleti ni kavu zaidi, imekaza, na ina uchachu ulio wazi. Mzabibu ni ule ule mmoja, hewa ni karibu ile ile, na umbali ni mwendo wa saa chache kwa miguu. Lakini mwenye ulimi uliozoea hutofautisha. Twaomba mlikumbuke jambo hili, kwa sababu tutalirudia.

Nchi imewapa watu wa Ahr mengi, lakini haikuwapa mepesi. Mteremko mwingine hupanda zaidi ya nusu mita kwa kila mita moja ya kwenda mbele. Trekta haipiti. Mkulima hupanda kwa miguu na mkasi wake, akapogoa kwa mkono, akafunga matawi kwa mkono, akavuna kwa mkono, na kuta zikianguka huzijenga upya jiwe kwa jiwe. Wakati wa kiangazi wale wanaotafuta ubora hukata sehemu ya vichala vikiwa vibichi wakaviacha chini, ili vichala vilivyobaki vipate nguvu yote ya mti. Mwenzetu mmoja alipoisikia habari hiyo ofisini alishika kichwa akasema, "Mtu akate zabibu zake mwenyewe?" Naam, hukata, kwa kuwa hulipwa kwa kile kilichomo ndani ya tunda.

Tukifika hapa mtaona kwamba nchi iliwapa ladha, lakini haikuwapa bei. Katika karne ya 19 wakulima wa Ahr walikuwa maskini. Desturi ya urithi iligawa shamba kwa watoto wote, hata familia ikabaki na vipande vidogo vilivyotawanyika. Divai za bei nafuu kutoka mikoa mingine zilishindana na yao. Mkulima mmoja peke yake hakuwa na ghala ya kuikalisha divai mpaka bei ipande, kwa hiyo aliiuza upesi kwa mfanyabiashara, kwa bei aliyotajiwa. Wengi walichoka wakahamia Marekani.

Wakati huo, ng'ambo ya mto Rhine, si mbali na mahali unapoingia mto Ahr, aliishi meya mmoja jina lake Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyezaliwa mwaka 1818. Sote tuliopita katika mafunzo ya ushirika twalifahamu jina hilo. Mwaka 1864 alianzisha huko Heddesdorf chama cha mikopo ili kuwaokoa wakulima katika mikono ya wakopeshaji. Mwaka 1867 serikali ya Prussia ilitoa sheria ya vyama vya ushirika. Na mwezi wa Desemba 1868 wakulima 18 wa kijiji cha Mayschoß walikutana wakaunda chama chao cha divai, ambacho huhesabiwa miongoni mwa vyama vya ushirika wa divai vya kale kabisa duniani. Walikuwa watu 18 tu, Bwana Mwenyekiti. Mkutano wetu wa kwanza, miaka 10 iliyopita, ulikuwa na watu wengi kuliko hao.

Walichokifanya kilikuwa chepesi kueleza na kigumu kutimiza. Waliweka zabibu zao pamoja, wakazikamua pamoja, wakaikalisha divai katika ghala moja, wakaiuza kwa jina moja. Kanuni ya kawaida katika vyama vya divai vya Ujerumani ni kwamba mwanachama huleta mavuno yake yote chamani. Haruhusiwi kuuza vichala vizuri njiani kwa mlanguzi na kuleta makapi chamani. Kanuni hiyo ikivunjwa, ghala ya pamoja hugeuka kuwa jalala la pamoja.

Tena walihitaji njia ya kujua nani ameleta nini. Mjerumani mwingine, Ferdinand Oechsle wa mji wa Pforzheim, aliyeishi tangu 1774 hata 1852, alisambaza kipimo cha kuelea kinachotumbukizwa katika maji ya zabibu. Hesabu yake ni rahisi. Lita moja ya maji matupu ina uzito wa gramu 1,000. Ikiwa lita moja ya maji ya zabibu ina uzito wa gramu 1,085, basi zabibu hizo zina nyuzi 85 za Oechsle, na sehemu kubwa ya ule uzito uliozidi ni sukari. Kipimo hakimjui tajiri wala maskini, mjumbe wala mwanachama wa kawaida. Mpaka leo sheria ya divai ya Ujerumani hutumia kipimo hicho kuziweka zabibu katika daraja, na mkulima mwenye zabibu zilizoiva vema na zisizooza hupata bei iliyo bora.

Hata hivyo tusiwafanye watu wa Ahr kuwa malaika. Baada ya Vita Kuu ya Pili wasafiri wengi walikuja bondeni kwa mabasi kutoka miji mikubwa ya jirani, nao walitaka divai nyepesi na tamu, ya bei ndogo. Wenyeji wengi waliwapa walichotaka. Walizalisha vichala vingi kwa kila mti, na divai ikawa na rangi ya maji na utamu uliofunika kila kitu. Aliyeinywa hakuweza kujua kama imetoka penye sleti au tambarare, wala kama imetoka Ahr au kwingineko. Katika miaka ya 1980 wachache, na miongoni mwao Werner Näkel wa Dernau, walipunguza mavuno, wakangoja zabibu zikomae, wakaiacha divai iwe kavu na kuikalisha katika mapipa madogo ya mwaloni. Wengine waliona soko linavyowapokea, wakafuata. Ladha ya bonde ilikuwa humo humo wakati wote. Ilifunikwa na tamaa ya wingi.

Katika miaka hii hewa ya huko imekuwa ya joto kuliko zamani. Zabibu nyekundu ambazo miaka mingine zilikataa kuiva sasa huiva karibu kila mwaka, na mavuno huja mapema. Jambo hilo limewasaidia, lakini limewaletea shaka pia, kwa sababu ule uchachu ambao ndio uhai wa divai yao huweza kupotea. Nao sasa hulazimika kuchagua kwa uangalifu siku ya kuvuna, kama sisi.

Na bonde lile lile linalowapa joto liliwaletea msiba. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Julai 2021, mvua kubwa ilijaza mto Ahr, na kwa kuwa bonde ni jembamba, maji hayakuwa na mahali pa kutawanyika. Watu zaidi ya 130 walikufa katika bonde hilo. Nyumba, madaraja, reli na maghala ya divai viliharibiwa; ghala ya chama cha Mayschoß nayo ilijaa maji na tope. Mafuriko makubwa yalikuwa yamepata kutokea mwaka 1804 na mwaka 1910, lakini watu waliokuwa hai hawakuwa wameona kama haya. Mizabibu ya miteremkoni ilisalia, na mavuno yalikuwa karibu. Hapo wakulima wa mikoa mingine ya divai, ambao sokoni ni washindani wao, walikuja na mikasi na matrekta yao wakasaidia kuitunza mizabibu na kuvuna. Chupa zilizookolewa zikiwa zimepakwa tope ziliuzwa kama zilivyo, na watu walizinunua kwa kuchangia, hata zikapatikana zaidi ya yuro milioni 4. Wenye kusema kwamba jina jema halijazi tumbo na watafakari habari hiyo.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, turudi nyumbani.

Hatuwezi kuileta baridi ya Ahr hapa, wala hatuihitaji. Mungu ametupa uwanda wetu wenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, jua lisilokopwa, kiangazi kirefu kikavu, na usiku wa Juni na Julai ambao humfanya mtu atafute blanketi. Kila mkulima hapa anajua kwamba zabibu zilizoivia kiangazini si sawa na zile zilizoivia mvuani. Anajua pia kwamba shamba la kichanga chekundu halitoi zabibu sawa na shamba la bondeni lililoshika maji. Wenzetu wa Ahr waliyajua mambo kama hayo ya kwao, wakayaandika, wakayatenga, wakayauza. Sisi twayajua ya kwetu, kisha twayamwaga yote katika kreti moja.

Hapa hatuna budi kukiri kosa, na kosa ni letu sisi wa ofisi pamoja nanyi wa mashambani. Katika msimu wetu wa nne lori zima la zabibu lilirudishwa na mnunuzi. Juu ya makreti palikuwa na vichala vizuri vyekundu. Chini yake palikuwa na vichala vibichi, na vingine vimelowa na kuoza. Tulipouliza, kila mtu alisema vilikuwa vya mwenzake. Karani wa mizani aliviona akavipitisha, kwa kuwa mizani hupima kilo wala haina ulimi. Sisi tulitia sahihi hati ya kusafirisha bila kufunua kreti hata moja. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Na wale wanachama walioleta zabibu safi siku ile walipata hasara sawa na walioleta taka. Baadhi yao hawakurudi tena chamani. Tukiwakuta sokoni husalimiana nasi kwa adabu, lakini zabibu zao humwuzia mlanguzi. Hatuwezi kuwalaumu.

Azimio la leo lakusudia kuponya jeraha hilo. Kila chama cha msingi kitapata kipimo cha sukari. Zabibu zitapimwa uzito na utamu mbele ya mwenyewe, na hesabu zote mbili zitaandikwa katika daftari la chama na katika kadi ya mwanachama. Zilizoiva vema zitalipwa zaidi. Zilizooza hazitapokelewa, hata zikiwa za Katibu.

Tumesikia hofu zenu katika mikutano ya matawi, nazo ni za haki. Wenye shamba dogo wameogopa kwamba watabaki nyuma. Twawajibu kwamba sukari haiulizi idadi ya ekari, na mwenye robo ekari anayeitazama kila siku huweza kumshinda mwenye ekari kumi asiyeitembelea. Mama mmoja wa tawi la mashariki aliuliza swali ambalo lilitunyamazisha. Alisema: "Mwanangu Katibu, sisi tunajua zabibu ikiiva. Tunavuna mbichi kwa sababu lori lenu likija leo halijulikani litarudi lini. Nikingoja utamu, nitangoja na nzi." Mama huyo alisema kweli. Mkulima hawezi kungoja tunda likomae ikiwa ofisi haiweki ahadi ya siku. Kwa hiyo tumeliomba Azimio liongezwe kifungu: ratiba ya lori itabandikwa katika kila tawi wiki mbili kabla ya mavuno, na lori lisipofika siku iliyoandikwa, hasara ya zabibu zilizokwisha kupimwa itakuwa ya Chama Kikuu wala si ya mkulima. Tukiwataka ninyi mwe waaminifu kwa kipimo, nasi yatupasa kufungwa na kalenda.

Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka 10 zabibu zetu zimejitembeza sana. Zimepanda malori, zimebisha hodi milango mingi, nyingine zimerudi. Wale watu 18 wa Mayschoß hawakuwa na ardhi nzuri kuliko yetu, wala jua zaidi, wala elimu kubwa. Walikuwa na mteremko wa mawe, na walikubali zabibu ya kila mmoja ipimwe mbele ya wote.

Twawaomba, wenzetu, mkiingia katika kura alasiri ya leo, kila mmoja alifikirie shamba lake mwenyewe: udongo wake, upande linaotazama, na kichala kilicho bora kabisa alichopata kuvuna humo. Kichala hicho ndicho tunachotaka kukinunua. Tukifaulu, yule atakayesimama mahali hapa katika sherehe ya miaka 20 atawaeleza wageni namna zabibu za kila tawi letu zinavyotofautiana, naye atakuwa na daftari la kuthibitisha.

 Mungu aibariki mizabibu yetu na mikono inayoitunza.